Fimbo ya Mzee Kibet Kwenye Pikipiki

Jumanne, 1 Aprili 1986

Shajara hii nilipewa bure Krismasi na muuza dawa za kupe. Ina picha ya fahali kwenye jalada, na mpaka leo sikuwa nimeandika ndani yake hata neno. Januari hadi Machi nilikuwa kitandani au kwenye kiti, na mtu wa kukaa kwenye kiti hana habari. Leo ninazo. Mvua ya kwanza imenyesha Eldoret, na Meneja amenirudishia ufunguo wa pikipiki.

Niandike vizuri ili nikija kusoma nikiwa sina meno nijue nilikuwa nani. Mimi ni Phineas Kituyi, mpandishaji ng'ombe wa chama cha ushirika cha maziwa. Kila asubuhi nafunga mtungi wa mbegu nyuma ya pikipiki, natoka hapa Langas, napita Naiberi mpaka Ainabkoi. Kila penye krashi, yaani kile kizimba cha miti kando ya barabara, nakuta mkulima amemleta ng'ombe anayetaka dume. Dume ni mimi, ndivyo wanavyonitania. Nafanya kazi, naosha mkono, nakwenda krashi inayofuata. Raundi hiyo nimeifanya miaka mingi na naipenda kuliko chakula.

Novemba iliyopita ng'ombe wa Mama Jepkosgei, mjane wa Ainabkoi, alinipiga teke la goti. Goti limepona lakini halikunji sawasawa, kwa hiyo natembea na fimbo. Fimbo yenyewe kanipa huyo huyo Mama Jepkosgei. Alikuja nayo hospitali ameifunga kwa gazeti. Ni ya marehemu mumewe, Mzee Kibet: mti wa emitiot, mzeituni wa mwitu, nyeusi, ndefu, imenyooka, ina kichwa cha kujaa kiganja. "Ng'ombe yangu imekuharibu, Daktari, na mimi sina mguu ya kukupa," alisema. "Chukua hii. Ilimfikisha Kibet kila mahali."

Meneja ni kijana wa tai, Nicholas Kiprotich, anakaa mtaa wa matajiri wa Elgon View. Asubuhi alinitazama nikipanda ngazi za ofisi, akasema, "Mzee Phineas, let's be realistic. Hii ni kazi ya miguu miwili." Nilimwomba mpaka akachoka. Tumekubaliana hivi: raundi ni yangu mpaka mvua zikatike, mwisho wa Agosti. Nikianguka na pikipiki, au ng'ombe wakipungua krashini, inapewa mtu mwingine na mimi nakaa dukani kuuza chumvi ya ng'ombe.

Nilipomwambia mke wangu Nanyama, hakuinua macho kwenye cherehani. "Baba Wanyonyi, nilisema hospitali na nasema tena. Siku utapanda hiyo kitu, mimi naenda Kimilili kwa ndugu yangu." Kisha akaendelea kushona sare ya shule. Alishona kwa nguvu sana.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeipanda. Nanyama hajaenda Kimilili. Anasema anangoja matope ya barabarani yapungue.

Jumamosi, 5 Aprili

Shida si mguu. Shida ni fimbo. Mtu akipanda pikipiki fimbo inakwenda wapi?

Alhamisi niliichomeka kwenye mshipi. Imeanguka kwenye kona ya kwanza, lori la mahindi likapita juu yake, haikupata hata mkwaruzo. Mzee Kibet alijua kuchagua mti.

Jana niliiteremsha ndani ya koti kupitia kolani, ikalala mgongoni. Nikakaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nilipoinama kumwamkia mchungaji wetu, kichwa cha fimbo kikainua kofia yangu ya chuma na kunifunika macho. Mchungaji akaniombea pale pale barabarani.

Leo niliifunga kulala juu ya mtungi, kushoto kwenda kulia. Safi kabisa, nikasema. Nikawasha, nikatoka kwa mwendo wa kiume, nikasahau kwamba lango letu ni jembamba. Fimbo ikashika nguzo mbili kwa pamoja. Pikipiki ikasimama, mimi nikaendelea mpaka juu ya tangi la petroli, nikashika usukani kwa tumbo. Sikuanguka, nasisitiza. Nanyama alikuwa mlangoni na beseni. Amecheka mpaka akaliweka chini. Tangu Novemba sijamsikia akicheka hivyo. Kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akaingia ndani.

Jumapili, 6 Aprili

Nimepata! Kwapani. Naibana chini ya mkono wa kushoto, kichwa kinatazama mbele, na mkono bado unafika klachi. Nimezunguka mtaa mzima na koti langu refu la mvua la rangi ya kaki. Watu wamesimama kunitazama. Hata askari wa zamu pale kona amenipigia saluti, sijui ana nini. Nimejisikia mtu.

Jumatatu, 14 Aprili

Wiki ya kwanza ya raundi imekwisha na sielewi. Krashi ya kwanza, hakuna mtu. Ya pili, hakuna mtu, na kinyesi cha ng'ombe bado kina mvuke. Ya tatu nimeona kwa mbali mwanamume akimvuta ng'ombe wake kurudi bondeni mbio, na ng'ombe hataki. Nimepiga honi. Amezidi kukimbia.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Ng'ombe mmoja, wa mzee asiyeona vizuri.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua. Hakuna.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua ya mawe Ainabkoi. Hakuna.

Jumatano, 23 Aprili

Leo nimemwona Mama Jepkosgei mwenyewe. Nilikuwa nakuja kwenye mteremko, yeye amesimama uani kwake. Aliponiona akashika sufuria kubwa kwa mikono miwili, akakimbilia nyuma ya jiko, na mlango ukafungwa. Mama aliyenipa fimbo! Nimesimama krashini peke yangu na mvua, nikajua kilichotokea. Walinihurumia nilipokuwa kitandani, lakini hakuna anayetaka ng'ombe wake ashikwe na mtu wa mguu mmoja na nusu. Wananipenda nikiwa nimelala.

Nimerudi nyumbani nikamwambia Nanyama watu wa Ainabkoi hawana shukrani. Aliniwekea uji na akaondoa viatu vyangu kwa mkono wake, jambo ambalo hajafanya tangu tukiwa vijana.

Ijumaa, 2 Mei

Meneja ameniita. Ng'ombe wamepungua zaidi ya nusu. "Mzee, mimi sina ubaya na wewe," amesema. "Lakini wakulima wamesema kwa miguu yao." Amenipa mpaka mwisho wa mwezi huu. Kisha akaongeza, kwa upole, kwamba kwenye duka la chumvi kuna kiti chenye mto. Ule mto umeniumiza kuliko teke.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Wawili. Nimewashukuru kupita kiasi, wakaona aibu.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Hakuna. Mahindi yamefika kwenye goti, yaani goti lile zima.

Jumanne, 20 Mei

Mungu ni mkubwa, na Mama Jepkosgei ni mcheshi wake. Niandike yote kabla sijalala.

Mvua ya mawe imenikuta kwenye mteremko wa Ainabkoi. Mawe ya kuumiza, yanapiga kofia kama mtu anabisha hodi kwa hasira. Nilikuwa nimeapa sitakanyaga kwa yule mama, lakini mawe hayangoji mtu amalize kununa. Nikaingia uani kwake, pikipiki na yote, fimbo kwapani.

Mlango ukafunguka kidogo. Akatoka akiwa ameinamisha kichwa, jogoo mikononi, na jogoo anatetemeka sawa na yeye.

"Karibu, Mheshimiwa," akasema akitazama chini. "Nyumba hii hakuna pombe. Hata ukiingia jikoni utakuta chai tu. Na mchango ya baraza ndiyo hii, anataga... yaani, ni jogoo, lakini mzuri."

Nikavua kofia. "Mama Jepkosgei, mchango gani?"

Akainua uso. Akanitazama mimi, akaitazama fimbo, akanitazama tena. Jogoo akamponyoka.

"Daktari? Aiya! Ni wewe? Kila siku ni wewe?"

Akakaa chini, pale pale kwenye mawe ya mvua, akacheka huku amejishika mbavu. Nikadhani amepata wazimu. Alipopata pumzi ndipo akanieleza. Tangu mwezi wa nne, mlima mzima unajua kuna ofisa mpya, mkali, ametumwa kukamata wapika pombe ya busaa na kuandika wasiotoa harambee. Anakuja kila asubuhi kwa pikipiki, koti la kaki, fimbo ya serikali kwapani. Nani mwingine hubeba fimbo kwapani kama si chifu na mabwana wakubwa? Wakisikia pikipiki tu, moto unazimwa, vyungu vinaingia kwenye mahindi, na mwenye ng'ombe krashini anamrudisha asiulizwe risiti ya harambee.

"Na mimi nimemwaga busaa yangu yote kwa mtaro," akasema. "Ng'ombe ikakunywa. Ile ile iliyokupiga. Imelala siku mbili, na ikiamka inatembea kama shemeji yangu."

Tukaingia jikoni, akanipa mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu, na kila nikimeza anaanza kucheka upya. Mwishowe akaishika fimbo, akaipapasa kichwa chake. "Fimbo ya mume wangu," akasema polepole, "imenifukuza kwangu mwezi mzima. Kibet akisikia huko aliko, atafurahi sana."

Na mimi nilikuwa nimewaita watu hawa wasio na shukrani. Nimefurahi mpaka nikaimba njia nzima kurudi, kwa sauti, kwenye mvua.

Jumatano, 21 Mei

Nanyama amesikia habari yote na amelazimika kushika ukuta. Kisha akasema, "Khane, kumbe wewe miaka yote hii hujui serikali inafanana namna gani? Toa hiyo fimbo kwapani. Isimamishe."

Ni kweli. Nimekwenda kwa fundi wa kuchomelea, amenikatia kipande cha bomba la maji na kukichomelea kwenye pikipiki, kando ya mtungi. Fimbo inaingia humo, inasimama wima nyuma yangu, na nikishuka naichomoa mara moja. Nanyama akachana leso yake nyekundu kuukuu, akafunga kitambaa juu ya fimbo ili malori yaione. Anasema haina maana kwamba amekubali pikipiki. Ni malori tu.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua. Ng'ombe wanne! Mama Jepkosgei amepita kila nyumba akieleza.

Jumatano, 28 Mei

Furaha yangu haijui kukaa chini ikatulia. Leo nimeingia matatani.

Njiani kuna shule ya msingi. Nilipokaribia nikaona watoto wamepangwa foleni mbili hadi barabarani, wameoshwa nyuso, na walimu wamevaa tai. Nikapunguza mwendo ili nisiwarushie matope. Kumbe walikuwa wanangoja ofisa wa wilaya kuja kupanda miti kabla ya sikukuu ya Madaraka, na walichoona wao ni chombo kinakuja kina bendera nyekundu. Mwalimu mkuu akainua mkono. Watoto wote wakapasuka kwa wimbo.

Nikasimama. Ningefanyaje, nipite katikati ya wimbo? Nikachomoa fimbo ili nishuke nieleze, na walipoiona fimbo wakaimba kwa sauti zaidi. Nikamwambia Mwalimu mkuu, "Mwalimu, mimi ni wa ng'ombe." Akacheka kwa heshima sana, kama mtu anayechekea mzaha wa mkubwa, akanishika kiwiko mpaka kwenye shimo. Nikapewa mche wa msaiprasi. Nikaupanda. Nilikuwa nimeinama nashindilia udongo, watoto wanapiga makofi, nilipoona viatu viwili vimeng'arishwa vimesimama mbele yangu.

Chifu Kiptoo. Nyuma yake gari la yule ofisa wa kweli.

Chifu ni mtu mnene mwenye sauti ya kutosha mabonde mawili. "Wewe unatembea na bendera kwa pikipiki? Wewe ni waziri? Na fimbo? Hapa mwenye fimbo ni nani?" Nikajaribu kueleza. Ofisa aligeuka kando, nadhani alikuwa anacheka, na hilo ndilo lililomchoma Chifu zaidi. Akachukua kitambaa. Akachukua na fimbo. "Utaikuta kwa ofisi yangu. Siku nitapata nafasi."

Nimeruka kwa mguu mmoja mpaka kwenye pikipiki mbele ya watoto wote. Hakuna aliyeimba.

Alhamisi, 29 Mei

Nimekwenda ofisi ya Chifu. Hana nafasi.

Ijumaa, 30 Mei

Hana nafasi. Raundi sijafanya. Bila fimbo nashuka kwenye pikipiki, lakini kutoka hapo mpaka kwenye krashi, kwenye matope, siwezi. Kesho ndio mwisho wa mwezi. Meneja amesikia, amesema tuonane Jumatatu. Nimemwambia Nanyama nitauza chumvi, na nikalia kidogo. Naandika kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 31 Mei

Asubuhi nimeamka nimesikia pikipiki inapanguswa. Nanyama, amevaa gambuti zangu za zamani na sweta mbili, kitambaa kichwani amekikaza chini ya kidevu.

"Uko na fimbo?" akauliza.

"Unajua sina."

"Basi iko hapa." Akajigonga bega. "Twende kabla mvua haijaanza, na ukikimbiza nitaruka."

Sijui nilisema nini. Nakumbuka alipanda upande upande kwanza, kisha akaona si salama, akakaa kama mwanamume, akanishika kiunoni kwa nguvu ya mtu anayetaka kukamua. Mtungi nyuma yake, mimi mbele yake. Tangu nyumbani mpaka Naiberi alikuwa anasali kwa sauti kwa Kibukusu, na baada ya Naiberi akaacha kusali akaanza kuuliza lile ni shamba la nani.

Kwenye kila krashi ameshuka kwanza, amekuja upande wa goti bovu, nimeweka mkono begani pake, tumekwenda pamoja. Ng'ombe watano. Krashi ya mwisho ni ya Mama Jepkosgei. Alipotuona tunakuja tumeshikana kwenye matope, hakucheka. Alisema tu, "Sasa hiyo ndiyo fimbo."

Jumatatu, 2 Juni

Meneja ametazama dirishani akamwona Nanyama ameketi kwenye pikipiki uani anakula karanga. "Ni nani huyo?" Nikasema, "Ni fimbo yangu." Ametikisa kichwa muda mrefu. Kisha akasema nirudi kwenye mapatano ya kwanza, mpaka Agosti, na akatoka mwenyewe kumsalimia. Yule kijana si mbaya. Nilikuwa namtazama tai tu.

Jumatano, 11 Juni

Mvua. Sita.

Alhamisi, 19 Juni

Nimegundua jambo. Miaka yote nikifika kwa mkulima namuuliza baba, "Ng'ombe vipi?" na baba ananiambia, "Iko sawa." Nanyama haulizi baba. Anakwenda jikoni, anapewa chai, na kabla sijaosha mikono anatoka na habari: huyu jana jioni alikuwa anapanda wenzake, yule amepunguza maziwa tangu asubuhi na anapiga kelele. Anayekamua ndiye anayejua ng'ombe anapotaka dume, na anayekamua ni mama. Mimi nilikuwa nasubiri wanaume wamwone ng'ombe wakirudi kutoka senta. Nimemwambia Nanyama angekuwa mpandishaji yeye. Amesema mkono wake ni wa kushonea, hauingizi popote.

Jumanne, 1 Julai

Ukungu mpaka mchana. Saba.

Jumatatu, 7 Julai

Baridi. Nanyama ameshona mfuko wa blanketi wa goti langu. Sita.

Jumapili, 20 Julai

Siku kubwa. Tulikuwa tumetoka kanisani Meneja alipotuma mtu: ng'ombe wa Chifu Kiptoo anataka dume, ni ng'ombe wake wa sifa, wa maonyesho, na leo ikipita angoje tena wiki tatu. Chifu amemwambia Meneja aje yeye mwenyewe na pikapu, amlete mpandishaji mwingine kutoka Kesses. Hakutaka mimi. Basi Meneja na huyo wa Kesses wameondoka, wamefika karibu na Naiberi, na pikapu imezama kwenye matope mpaka milango. Ndipo likakumbukwa jina langu.

Tumewapita hapo. Meneja alikuwa amekunja suruali mpaka magotini, tai iko begani. Nanyama amempungia mkono akamwambia, "Mungu akusaidie, mwanangu," na kwa kweli alimaanisha. Pikipiki imepita kwenye ukingo wa majani ambapo gari haliwezi.

Chifu alikuwa langoni bila kofia, na bila kofia ni mzee wa kawaida mwenye wasiwasi juu ya ng'ombe wake. Mimi nikashuka, Nanyama akaja upande wake, tukaanza kutembea kwenda krashini. Ni mteremko, na mvua ilikuwa imeulainisha. Nikateleza. Nanyama akanishika, naye akateleza, tukabaki tumesimama tumekumbatiana kama watu wa harusi, hakuna anayethubutu kusogea.

Mke wa Chifu akasema kutoka jikoni, kwa sauti ya kusikika, "Baba, mpaka lini?"

Chifu akaingia nyumbani. Akatoka na fimbo ya Mzee Kibet. Akateremka kwenye matope na viatu vyake vile vile vya kung'aa, akaniwekea mkononi.

"Shika, Daktari," akasema, "kabla hujaangusha mama ya watu na ng'ombe yangu."

Nimefanya kazi. Ng'ombe alisimama vizuri ajabu, hakuinua mguu hata kidogo. Baadaye tumekunywa chai sebuleni, na Chifu akaniuliza, akitazama kikombe, "Ni kweli walikuwa wanakimbia wakidhani ni mimi?"

"Walidhani ni mkubwa wako, Mzee."

Akafikiri. "Na walikimbia kabisa?"

"Kabisa."

Hilo limempendeza. Akaanza kucheka na tumbo, mkewe akacheka, Nanyama akamwaga chai.

Jumatano, 23 Julai

Baraza la Chifu, watu wengi. Mwishoni amenisimamisha mbele. "Sikizeni," amesema. "Fimbo kwa kwapa, hiyo ni mimi. Fimbo imesimama nyuma ya pikipiki, huyo ni Daktari ya ng'ombe. Ukiona yeye, leta ng'ombe, wacha kuficha vyungu." Watu wakacheka. "Vyungu nitakuja kuona mimi mwenyewe." Wakaacha kucheka.

Kisha Mama Jepkosgei akasimama. Kitambaa Chifu hajarudisha, na sisi hatukumbushi, lakini mama huyu alikuwa na kitu kwenye leso yake: kengele, ile ya shingoni mwa ng'ombe aliyenivunja goti. Ameifunga kwenye fimbo ya mumewe kwa ukanda wa ngozi, mbele ya watu wote. "Mbali hatuoni ni nani anakuja," akasema. "Lakini hii kila mtu anaijua. Hakuna serikali inatembea na kengele ya ng'ombe."

Jumatatu, 4 Agosti

Kengele inasikika bonde zima. Nikifika krashi, wamefika. Nane, na mmoja amekuja mwenyewe bila mtu, amefuata mlio.

Ijumaa, 15 Agosti

Mvua zinachoka. Mahindi ya kuchoma kila krashi. Nimenenepa.

Ijumaa, 29 Agosti

Meneja ameniita, amefunga mlango. Ng'ombe wamezidi wale wa mwaka jana, kabla ya teke. Raundi ni yangu. Kile kiti chenye mto cha dukani amekichukua yeye, anasema mgongo wake unamsumbua tangu siku ya pikapu. Nimepeana naye mkono, nimeteremka ngazi zile bila kuzishikilia, na huku chini nimegonga fimbo sakafuni ili kengele ilie ofisi nzima isikie.

Jumatatu, 1 Septemba

Usiku sikulala sana. Nilikuwa nafikiri kwamba fimbo imerudi, bomba lipo, kazi ni yangu, na Nanyama ana sare za muhula mpya zimejaa mpaka juu ya kitanda. Alijitolea kuwa fimbo yangu wakati sina fimbo, na tangu baraza lile nilikuwa naogopa asubuhi atakayokumbuka kwamba sasa ninayo. Nimeamka nikiwa nimejiandaa kumwambia asante na kwenda peke yangu.

Nimetoka nje. Pikipiki imepanguswa. Nanyama ameketi nyuma, gambuti miguuni, mtungi umefungwa, fimbo ameishika mwenyewe mapajani, kengele ameibana kwa vidole isilie.

"Mama Wanyonyi," nikasema, "hiyo fimbo ina mahali pake. Bomba si liko?"

"Na mimi niko na mahali pangu," akasema. "Washa. Chepkoech wa krashi ya pili aliniambia ng'ombe yake haikulala."

Nikawasha. Tulipofika langoni nikapunguza, kwa ajili ya zile nguzo. Akanigonga begani na fimbo ya Mzee Kibet, kengele ikalia, akasema nisichelewe.